Msafara Uliondoka na Nani?



Juma lililopita walinijia ofisini vijana watano, wavulana wanne na msichana mmoja, wakiwa na fomu mkononi. Fomu yenyewe wengi wenu mnaijua. Ni ile ya kuombea mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024, na tangu irudi, ukitembea kutoka Isevya hadi Cheyo hukosi kukuta kikundi kimekaa chini ya mwembe kinaandika katiba.

Vijana hao wanataka kuanzisha kampuni ya asali. Si kuuza asali kwenye chupa za maji kando ya barabara, la. Wanataka kununua kwa warina asali wa Sikonge na Kaliua, waichuje, waifungashe vizuri, kisha wabandike alama ambayo mnunuzi aliyeko Dar es Salaam akiielekezea simu yake ataona asali ile imetoka msitu gani na mzinga wa nani. Wazo zuri. Walichotaka kwangu ni kidogo tu: niwasomee andiko lao na kuwaambia kama Kiswahili kimekaa sawa.

Nikasoma. Kiswahili kilikuwa safi kuliko cha baadhi yetu tunaolipwa kwa kukisema. Lakini nilipofika ukurasa wa waasisi nikasita. Wote watano wamesoma chuo kimoja, mwaka mmoja, na fani moja, ya kompyuta. Nikawauliza:

"Ni nani kati yenu aliyewahi kudungwa na nyuki?"

Wakacheka. Nikawaambia sitanii.

"Hakuna, mzee."

"Na ni nani aliyewahi kukopesha mtu akamfuata hadi akalipwa?"

Hapo hakucheka mtu.

Nasema hivi kwa sababu na mimi yalinikuta. Zamani kidogo, nikiwa bado kijana mwenye stashahada mpya ya uandishi wa habari, tulijikusanya waandishi watatu tukafungua chumba cha kurekodi matangazo ya biashara. Watatu sote tulikuwa na sauti nzuri. Watatu sote tulijua kuandika tangazo. Siku ya kwanza kila mmoja alifika na kipaza sauti chake, na hakuna aliyefika na daftari la hesabu. Kwenda kwa mfanyabiashara wa Kihindi au wa Kisukuma kumwomba kazi kila mmoja alimwachia mwenzake, na kumdai aliyekwisha tangaziwa hatukuthubutu kabisa. Tulikaa miezi saba. Tulikuwa marafiki, na bado ni marafiki, ila kile chumba leo ni saluni.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya leo nataka tulitazame jambo hili: biashara inapokuwa changa, bado haina jina wala wateja, haina hata dawati, watu walioianzisha ndio biashara yenyewe. Wanachokijua wao ndicho inachokijua. Mlango wanaoweza kuubisha ndio mlango itakaoingia. Na pale ambapo hakuna hata mmoja wao mwenye macho, biashara nzima ni kipofu.

Wataalamu wamelichunguza hili kwa makini. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Kathleen Eisenhardt na Claudia Bird Schoonhoven, walichapisha matokeo ya kufuatilia kampuni changa za nchini mwao zilizotengeneza semikondakta, yaani vile vipande vidogo ambavyo ndio ubongo wa kompyuta. Waliona kwamba zilizokua haraka zilikuwa na mambo matatu kwa waasisi wake. Kwanza, timu ilikuwa kubwa kidogo kuliko za wenzao. Pili, waasisi walikuwa wamepata kufanya kazi pamoja kabla. Tatu, hawakutoka na uzoefu wa aina moja. Baadhi walikuwa wakongwe wa kazi hiyo, baadhi wapya.

Angalieni la pili na la tatu. Yanavutana. La pili linasema anza na watu unaowajua. La tatu linasema anza na watu wasiofanana nawe. Sisi binadamu la pili tunalipenda mno na la tatu tunaliogopa. Mwaka 2003 wanasosholojia Martin Ruef, Howard Aldrich na Nancy Carter walionyesha, kwa Wamarekani hao hao, kwamba watu wanapounda timu za kuanzisha biashara huwachukua wanaofanana nao, jinsia ile ile, kabila lile lile, ndugu na jamaa, kuliko kutafuta ujuzi uliopungua. Miaka mitatu baadaye Christine Beckman akachunguza kampuni changa za teknolojia kule California. Waasisi waliotoka kampuni moja, alisema, walikwenda mbio katika kazi waliyoizoea. Waliotoka kampuni mbalimbali walikuwa hodari wa kutafuta mapya. Na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na yote mawili, wenzi wa zamani pamoja na wageni.

Mtu anaweza kusema, hayo ni ya California, yanatuhusu nini sisi wa Unyanyembe? Yanatuhusu, tena sana. Mji huu wa Tabora wenyewe ulianza kama biashara changa, na waasisi wake tunawajua kwa majina.

Richard Burton, yule Mwingereza aliyefika hapa tarehe 7 Novemba 1857 akitokea pwani ya Kaole, aliandika kwamba mahali palipoitwa Kaze palikuwa pori tu hadi walipohamia watu wawili, wakajenga nyumba, wakachimba visima, pakawa mji. Wa kwanza ni Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi aliyeanza maisha Muscat akiuza halua na peremende. Wa pili ni Musa, Khoja wa Surat huko India, aliyepewa jina la Musa Mzuri. Musa alikuwa ameingia bara tangu miaka ya 1820 na kaka yake aliyeitwa Sayyan. Kaka akafa, Musa akabaki.

Watazameni watu hawa wawili. Dini moja lakini madhehebu mbali, lugha za kuzaliwa mbali, na makwao kumetenganishwa na bahari. Hakuna mjomba wala shangazi aliyewaunganisha. Lakini kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenziwe hana. Snay alikuwa na Waarabu wa pwani, alijua kuandika na kuhifadhi, alijua lugha za bara kiasi kwamba Burton alijifunza mengi kwake. Musa alikuwa na miongo ya kuijua nchi, na njia ya kaskazini ya Karagwe. Burton alipowasili hakumkuta Musa. Alikuwa huko Karagwe kibiashara. Snay ndiye aliyekuwepo kupokea mizigo, kutafuta wapagazi na kuwalipa. Mmoja njiani, mmoja ghalani.

Hilo si jambo dogo. Wafanyabiashara kumi waliofanana wangekwenda wote kaskazini kufuata pembe, au wangekaa wote barazani wakisubiri pembe iletwe. Kwa kuwa mmoja alibaki, Kaze ikawa mahali pa kuachia mali, kubadilisha wapagazi na kupata habari za mbele. Msafara uliotoka pwani ulifika hapa umechoka, wapagazi wa pwani wakarudi, wa huku wakaandikwa. Haya mambo ya kuhifadhi na kuandika wapagazi ndiyo yaliyoufanya mji uwe mji. Pembe peke yake haijengi mji, hupita tu.

Lakini timu ile ilikuwa na upofu wake, na upofu huo uligharimu damu. Nyuma ya Snay na Musa palikuwa na wenye nchi, Wanyamwezi, ambao walikuwa wakipeleka misafara yao wenyewe pwani kabla Mwarabu hajajenga hapa. Mtemi Fundikira alipokea zawadi na ushuru, mambo yakaenda. Alipokufa, akatawala Mnwa Sele, naye akataka ushuru zaidi kwa wafanyabiashara. Hakuna aliyefanikiwa kuwapatanisha. Mwaka 1860 wakamwondoa Mnwa Sele kwa bunduki, wakamtawaza Mkasiwa. Mnwa Sele akaingia porini, akawa anazipiga njia hadi alipouawa mwaka 1865. Katika vita hivyo ndimo alimofia Snay bin Amir mwenyewe. Musa alifariki mwaka 1861. Mji ulibaki, waasisi wakaondoka.

Na nisieleweke kwamba nawasifu. Biashara ya Kaze ilikuwa ya pembe na ya watu. Waliofungwa minyororo hawakuulizwa kama wanataka kuwemo katika timu. Ninachokitazama hapa ni namna kazi ilivyosimama, na msingi ule ulivyoamua nini kingesimama na nini kingeanguka.

Sasa njooni kwa mtu ambaye jina lake watoto wa shule wanalijua, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwenyewe alitusimulia maisha yake kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1905. Watu humtaja kama mtu mmoja shujaa, au mtu mmoja katili, kutegemea nani anasema. Mimi nikimsoma naona watu wanne.

Wa kwanza ni baba yake, Muhammed bin Juma, aliyekaa hapa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ndoa hiyo ilifanya kile ambacho Snay na Musa walikikosa: iliweka Mnyamwezi ndani ya nyumba. Baba huyo akawa mtu mwenye heshima ya kichifu, si mpangaji. (Hata hivyo, tusidanganyane: ndoa haikuzuia vita vya 1860, ila ilimpa yeye mahali pa kusimama wakati wengine wanayumba.) Wa pili ni Karunde mwenyewe, ambaye vitabu vinampitia kwa sentensi mbili, nami naona kwamba bila yeye ukoo ule usingekuwa na mizizi Unyanyembe. Wa tatu ni Muhammed bin Masud el Wardi, ndugu wa Tippu Tip kwa mama, mwenzi wake wa safari. Wa nne hakukanyaga njia: Taria Topan, tajiri wa Kikhoja wa Zanzibar, mwenye mtaji.

Huyu wa nne anastahili kutazamwa zaidi. Tippu Tip aliondoka Zanzibar kwa safari yake kubwa karibu na mwaka 1870 akiwa na bidhaa za mkopo wa Taria. Alirudi mwaka 1882. Miaka kumi na miwili! Vijana wangu wa asali wana mkopo wa kuanza kurejesha baada ya miezi michache, na wanaona wamebanwa. Mkopeshaji wa kawaida wa Zanzibar siku hizo alitarajia mali yake irudi katika miaka miwili au mitatu, kwa faida kubwa, na mdeni aliyechelewa aliogopa kurudi pwani; wako walioishia bara maisha yao yote kwa kuogopa deni. Kwa kuwa nyuma yake palikuwa na mtu wa kusubiri, Tippu Tip aliweza kwenda mahali ambapo wa miaka miwili hawezi kwenda, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi Manyema na mto Lualaba. Ramani ya safari zake ilichorwa na subira ya mwenye mali kabla haijachorwa na miguu ya wapagazi.

Ndiyo maana nawaambia wanaotafuta mtaji: anayekupa fedha ni mmoja wa waasisi, umtake usimtake. Uliza anasubiri hadi lini, ndipo uamue unakwenda wapi.

Nirudi kwa Burton, maana yeye na mwenziwe John Speke ni somo jingine, na lilitokea hapa hapa. Waliondoka pwani mwaka 1857 wakiwa wawili wanaofanana kwa kila kitu cha nje: Waingereza, maofisa wa jeshi la India, na kabla ya hapo walikwisha safiri pamoja Usomali. Kwa ule utafiti wa semikondakta tungewapa alama nzuri. Lakini ndani walitofautiana katika jambo moja ambalo halikuandikwa katika andiko lao: Burton alijua Kiarabu, Speke hakukijua. Walipokuwa hapa Kaze, Burton alikaa barazani kwa Snay, kahawa na mazungumzo, akakusanya habari za nchi hadi daftari zikajaa. Speke alikaa pembeni kama mtu aliyealikwa harusi isiyo ya kwao. Aliyeweza kusema naye ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ametekwa utotoni akapelekwa India, na ambaye alijua Kihindustani kama Speke alivyokijua kidogo.

Julai 1858 Burton alikuwa mgonjwa na bado ana mengi ya kuuliza. Speke, aliyekuwa amechoka kukaa, akaomba aende kaskazini kutazama lile ziwa ambalo Waarabu walikuwa wakilitaja. Akaenda na Bombay. Tarehe 3 Agosti akaliona, akalipa jina la malkia wake, Victoria, na tarehe 25 Agosti alikuwa amerudi Kaze akisema ameona chanzo cha Nile. Burton hakukubali. Kuanzia hapo hawakuwa tena wenzi. Speke akatangulia kufika London mwezi Mei 1859 na kupata sifa. Burton akafika siku chache baadaye akakuta mambo yamekwisha. Wakagombana juu ya ziwa, wakagombana hata juu ya deni la gharama za safari. Mwaka 1864, siku moja kabla ya kukutana mbele ya wataalamu kujadiliana, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Nani aliongea na nani barazani ndicho kilichoamua nani ataliona ziwa. Na kwa kuwa hawakupatana tangu mwanzo kile kitakachopatikana ni cha nani, walichokipata kikawatenganisha. Profesa Noam Wasserman, Mmarekani mwingine aliyeandika kitabu mwaka 2012 juu ya matatizo ya waasisi, anaonya jambo hilo hilo: watu hugawana hisa mapema, sawasawa, kwa kupeana mikono, ili kukwepa mazungumzo magumu, na mazungumzo magumu huja yenyewe baadaye yakiwa makali zaidi.

Bombay, ambaye hakuna aliyemwita mwasisi, ndiye nionavyo mimi aliyefaidisha misafara kuliko wote. Alirudi na Speke na Grant mwaka 1860. Mwaka 1871 Henry Stanley alipofika Zanzibar kumtafuta Livingstone, hakujua njia wala lugha, lakini alikuwa na akili ya kuwaajiri Bombay na wengine waliokwisha kutembea na Speke. Baadaye Verney Cameron naye akamchukua Bombay mwaka 1873. Hapo utaona maana ya waasisi waliowahi kufanya kazi pamoja. Mkuu wa msafara alikuwa mgeni kila mara, lakini msafara wenyewe haukuwa mgeni. Ulijua jinsi ya kupanga kambi, jinsi ya kuvuka Ugogo na hongo zake, jinsi ya kupima posho.

Na waliowahi kunishangaza kuliko wote walipita Kwihara, kilomita chache kutoka hapa nilipo. Livingstone alikuwa amekaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri watu ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Watu hao walipofika wakaungana na wenzake wa zamani, akina Chuma na Susi, waliokuwa naye miaka mingi. Miongoni mwa wapya alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya misheni ya Nasik huko India, anayejua kuandika. Wazee wa njia na wageni wenye elimu, katika kundi moja. Livingstone akafa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kwa desturi za misafara ya siku hizo, mkuu akifa kundi linatawanyika, kila mtu na furushi lake. Wao hawakutawanyika. Walikausha mwili, wakaandika orodha ya mali, wakachagua viongozi, wakaubeba kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba wakamkuta Cameron, akawashauri wamzike hapa. Wakakataa. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo.

Linganisheni na Mirambo, jirani yetu wa Urambo. Mtawala hodari, Waarabu wa Tabora aliwafungia njia kuanzia 1871. Lakini dola yake ilishonwa kwa uzi mmoja, yeye mwenyewe, na vijana wake wa ruga-ruga walimtii yeye. Alipofariki Desemba 1884 nguo ikafumuka katika miaka michache. Ni dhahiri kulikuwa na sababu nyingine pia, lakini ukiuliza ni nani aliyekuwa wa pili, jibu ni gumu kupatikana.

Haya, turudi kwa wale vijana watano na fomu yao. Kanuni za mikopo ya vijana zinataka kikundi, si mtu mmoja. Nia ni njema, wadhaminiane. Lakini nimeona mara nyingi jinsi fomu inavyojazwa: wawili wenye wazo, halafu majina ya kukamilisha hesabu. Binamu. Mpangaji mwenzake. Rafiki ambaye hata hajui kampuni inaitwaje. Majina hayo si bure. Siku deni linapodaiwa linadaiwa kwa wote, na siku ya faida nao wanakumbuka kwamba walitia sahihi.

Hata kampuni ya Apple, ambayo simu zake baadhi yenu mnazo, ilikuwa na mwasisi wa tatu. Tarehe 1 Aprili 1976 Steve Jobs na Steve Wozniak walimwingiza Ronald Wayne, mtu mzima kuwazidi, kwa asilimia kumi, ili awe msuluhishi wao. Siku kumi na mbili baadaye akajitoa kwa dola 800. Wengi humcheka. Mimi simcheki. Jobs alikuwa amekopa vifaa, na katika wale watatu Wayne ndiye peke yake aliyekuwa na mali ya kukamatwa. Hatari ilikuwa moja kwenye karatasi, lakini haikuwa moja majumbani mwao. Ukiunda kikundi, uliza kila mmoja ana nini cha kupoteza, maana mwenye nyumba na asiye na nyumba hawalali usingizi mmoja.

Niliwaambia vijana wangu hayo yote, pengine kwa maneno mengi mno, maana ndiyo kazi yangu. Nikawauliza kama wanamjua mrina asali yeyote. Msichana akasema baba yake mdogo yuko Sikonge, ana mizinga zaidi ya mia, ya magogo na ya kisasa, na wenzake pale kijijini humwamini kupima asali yao. "Lakini hajui kompyuta, mzee." Nikamwambia ninyi mko watano mnaoijua, inatosha.

Jana wamerudi. Walikuwa wamekwenda Sikonge kwa basi. Wanasema walimkuta mzee amekaa nje, wakamwamkia, wakamweleza, akasikiliza hadi mwisho. Walikuwa wamepanga kumfanya mlezi wa kikundi, wamwalike kwenye uzinduzi na kumvisha shuka. Mzee akawauliza mlezi anapata nini. Hawakuwa na jibu. Akasema yeye ulezi anao wa kutosha, watoto wake ni tisa. Akiingia, anataka fungu lake liandikwe, kwa wino, pamoja na la mwenzake mmoja ambaye ndiye anayejua wanunuzi wa nta. Na akataka ijulikane mapema bei ya asali itapangwa na nani, wao au yeye.

Sasa majina yamekuwa saba, na wawili katika wale watano hawajafurahi. Mmoja ameniuliza kama ni haki mtu asiyejua kuwasha kompyuta apewe fungu sawa na lake. Mwingine anasema afadhali wabaki watano, watapatana haraka. Fomu inatakiwa irudishwe mwisho wa mwezi huu. Nimewaambia waende Kwihara, wakae chini ya miembe kwenye ile nyumba ya Livingstone, wabishane huko hadi waelewane, kisha warudi na karatasi nikasome Kiswahili chake.